Kwa nini Richard Pryor hakuwa sherifu wa Blazing Saddles?

Swali: “Shikamoo mwalimu. Juzi nimeitazama Blazing Saddles, ile komedi ya makauboi, nikashangaa kuona jina la Richard Pryor kwenye orodha ya waandishi. Jamaa yangu anasema Pryor ndiye aliyeandaliwa kuwa steringi, ila studio ilimkataa kwa sababu ni mweusi. Lakini mbona aliyepewa nafasi hiyo naye ni mweusi? Halafu studio kubwa kama Warner Bros. ilikubalije mambo yale yote yatoke?” (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Jamaa yako amepata nusu. Ni kweli kwamba Mel Brooks, mwongozaji wa filamu hiyo ya 1974, alimtaka mchekeshaji Pryor acheze sherifu Bart, na ni kweli Warner Bros. walikataa katakata. Isiyosimama ni hiyo sababu ya rangi, na hitilafu yake umeshaigundua mwenyewe. Bart ni mtu mweusi tangu ukurasa wa kwanza wa muswada. Yeyote ambaye angempata angekuwa mweusi. Kilichomzuia Pryor ni bima.

Hapa inafaa nieleze kidogo, maana watu wengi wakisikia bima wanadhani ni kisingizio. Filamu ya studio haianzi kupigwa mpaka bima ikamilike. Mchezaji mkuu akiugua, akikamatwa na polisi au asipotokea tu, kazi inasimama huku gharama zikiendelea: kamera ni za kukodi, farasi wanakula, mafundi na wapambe wanahesabu siku yao. Bima ndiyo inayobeba hasara hiyo, na kabla ya kukubali kuibeba inauliza: huyu mtu ni wa kutegemewa? Mwaka 1972 jibu kuhusu Pryor halikuwa zuri. Mwaka 1967 alikuwa ameshuka jukwaani katikati ya onyesho huko Las Vegas na kuondoka zake. Habari za matumizi yake ya kokeini zilijulikana Hollywood nzima. Alikuwa ameshaanza kung’ara kwenye sinema, hasa kwa nafasi yake ndogo lakini nzito katika Lady Sings the Blues ya 1972, lakini kumkabidhi filamu nzima mabegani ni jambo lingine. Brooks alibembeleza, studio ikagoma, mwisho ikabidi akubali.

Ningeweza kuishia hapo na swali lako la kwanza likawa limejibiwa. Ila nitakuwa nimekunyima uhondo wenyewe, kwa sababu kisa cha Pryor si cha peke yake. Ukiifuatilia filamu hii tangu ilipotungwa utakuta karibu kila aliyeipa sura tunayoijua aliingia kama mchezaji wa akiba, baada ya mwenye namba yake kushindwa. Hata mwongozaji. Hata jina la filamu.

Wazo lilianzia kwa kijana mmoja wa New York, Andrew Bergman. Huyu hakuwa mtu wa vichekesho kwa kazi. Alikuwa na shahada ya uzamivu ya historia kutoka Chuo Kikuu cha Wisconsin, na alikuwa ameandika kitabu kuhusu filamu za Marekani za miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi. Akajiuliza swali la kihistoria kwa utani: je, mwanaharakati mweusi wa miaka ya 1960, mwenye ulimi na mbwembwe za mjini, angeshuka kwenye mji wa makauboi wa mwaka 1874, ingekuwaje? Akaiita hadithi hiyo Tex-X, kwa kucheza na jina la Malcolm X. Warner Bros. waliinunua. Mpango wa awali ulikuwa Alan Arkin aongoze na James Earl Jones, mwenye sauti ile ya radi, awe sherifu. Hebu ifikirie hiyo filamu: Bart wa James Earl Jones. Mji mzima wa Rock Ridge ungesalimu amri kwa kusikia tu anavyosema habari za asubuhi. Mpango huo ulivunjika, na hadithi ikabaki kabatini ikisubiri mwenyewe.

Mwenyewe akawa Mel Brooks, ambaye wakati huo hali yake ilikuwa mbaya kuliko watu wanavyofikiria. Alikuwa na Oscar ya uandishi kwa The Producers, lakini filamu hiyo haikuleta fedha, na iliyofuata, The Twelve Chairs ya 1970, nayo haikuleta. Oscar huwezi kuipeleka sokoni ukarudi na unga. Wakala wake, David Begelman, ndiye aliyemletea kazi ya Tex-X. Brooks hakuwa na desturi ya kuongoza kazi asiyoianzisha mwenyewe, ila njaa haina desturi. Akakubali, kwa sharti moja: asiandike peke yake.

Sharti hilo, kwa maoni yangu, ndilo lililoizaa filamu. Brooks alikuwa amelelewa kikazi katika Your Show of Shows, kipindi cha televisheni cha Sid Caesar cha miaka ya mwanzo ya 1950, ambako waandishi walifungiwa chumba kimoja wakipigiana kelele mpaka kichekesho kikubali kuzaliwa. Akataka chumba kama hicho tena. Akamwita Bergman mwenyewe, jambo ambalo Hollywood halifanyiki mara nyingi, maana mwenye wazo kwa kawaida hulipwa akaonyeshwa mlango. Akamleta Norman Steinberg, mwanasheria aliyekuwa ameichoka sheria, na mwenzake Alan Uger, daktari wa meno. Halafu akamtafuta Pryor. Sababu yake ilikuwa wazi: Wayahudi wanne wa New York hawawezi kukaa chumbani wakatunga mizaha ya ubaguzi dhidi ya watu weusi bila mtu mweusi mezani, tena mtu mweusi ambaye ni mchekeshaji kuliko wote waliomo. Walikaa kwenye ofisi za Warner huko Fifth Avenue, Manhattan. Inasimuliwa kwamba Brooks alibandika ukutani onyo kwa wenzake: tafadhali msiandike muswada wenye adabu.

Sasa, Pryor aliandika nini? Hapo ndipo watu hubahatisha, na kila mtu hudhani ukali wote wa rangi ulitoka kwake. Brooks amesimulia kwa miaka mingi kinyume chake. Kwa maelezo yake, Pryor alimpenda Mongo, lile jitu la kizungu lisilo na akili linaloingia mjini likiwa limepanda ng’ombe. Mistari ya Mongo, pamoja na ule anaposema kwa huzuni kwamba yeye ni kete tu katika mchezo wa maisha, Brooks huihesabu kuwa ni ya Pryor. Mizaha mingi ya Bart, anasema, waliandika wale Wayahudi. Mimi naliamini jambo hili kwa sababu ya kikazi: mwandishi mzuri hapendi kupangiwa nafasi ya kusemea rangi yake. Umekaa chumbani na watu wanaosubiri uwape ya watu weusi, wewe unawapa ya mpumbavu wa kizungu anayefalsafu.

Lakini kuna kazi nyingine aliyoifanya, ambayo haionekani kwenye mstari wowote. Lile tusi la rangi, unalolisikia mara nyingi mno ndani ya filamu, lilimpa Brooks wasiwasi. Alimuuliza Pryor kama linafaa. Jibu la Pryor lilikuwa kwamba watu wabaya wa hadithi ndio wanaolitumia, na ndivyo watu wa aina hiyo wanavyosema. Angalia filamu tena ukiwa na jibu hilo kichwani. Kila anayelitamka anabaki kuwa mjinga kuliko alivyokuwa kabla ya kulitamka. Hii si bahati. Ni mtu alikaa akapima.

Pryor hakukaa chumbani mpaka tamati, alikuwa na maonyesho yake ya kuhangaikia. Hata hivyo, kwa Brooks, muda wote wa uandishi Bart alikuwa Pryor. Maneno yalikatwa kwa kipimo cha mdomo wake. Kisha studio ikasema hapana.

Aliyechukua nafasi, Cleavon Little, alitoka jukwaa la Broadway, ambako mwaka 1970 alishinda tuzo ya Tony kwa mchezo wa muziki Purlie. Nitasema jambo ambalo mashabiki wa Pryor hawapendi kulisikia: nadhani filamu ilipona kwa kumkosa Pryor. Pryor angekuwa na hasira chini ya kila neno, hasira nzuri, hasira ya kweli, lakini mtazamaji angekaa akisubiri lini italipuka. Little hana papara. Ni mrefu, mtanashati, nguo zake zimenyooka, mkoba wa tandiko lake umeandikwa Gucci. Mtazame anavyoingia mjini: kamati ya mapokezi imejipanga, bendi imejiandaa, taarabu yote imekamilika, halafu sherifu anainua kichwa na wananchi wanaona uso wake. Kimya. Little anafika jukwaani kwa heshima zake zote, anatia mkono kutafuta hotuba yake, na anaomba radhi anapoichomoa. Wenye mji wameshamtolea bunduki. Anajiwekea bastola yake mwenyewe shingoni, anajiteka, anaamuru watu wasisogee la sivyo huyu mweusi atakufa, halafu papo hapo anageuka kuwa mateka mwenyewe akilia kwa sauti nyembamba kuomba asaidiwe. Kisha anajiburuta hadi ofisini huku wananchi wakimwonea huruma. Mlango ukifungwa anajipongeza. Mtu anayecheza vile anahitaji wepesi wa mcheza dansi, na Little alikuwa nao.

Tukiwa hapohapo, kuna jambo linaloniuma kidogo kila nikiitazama. Kichekesho kizima kimesimama juu ya dhana kwamba afisa mweusi wa sheria huko Magharibi mwaka 1874 ni kitu kisichowezekana. Mwaka mmoja tu baadaye, 1875, Bass Reeves, aliyezaliwa mtumwa, aliapishwa kuwa naibu marshali wa serikali ya Marekani katika eneo la Wahindi Wekundu, kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka 30. Makauboi weusi nao walikuwa wengi. Hollywood ndiyo iliyowafuta. Kwa hiyo kilichokuwa hakiwezekani ni kwenye sinema tu, na nadhani Bergman, kwa uhistoria wake, alilijua hilo vizuri.

Kuna pia kisa kidogo cha pembeni kinachoonyesha Little alikuwa mtu wa namna gani. Katika onyesho la kwanza, reli inajengwa juani, na msimamizi mmoja mwenye meno makubwa anawatukana vibarua weusi na kuwaamuru waimbe wimbo wa watumwa. Wao wanajibu kwa wimbo wa Cole Porter, mtunzi wa nyimbo za Broadway, kwa sauti za klabu ya usiku, mpaka wazungu wenyewe ndio wanaoishia kuruka na kuimba kama walivyotaka wengine waruke. Yule msimamizi ni Burton Gilliam, aliyekuwa mzimamoto wa Dallas kabla ya kuokotwa kuingia kwenye uigizaji. Hakuwa mzoefu, na ulimi ulikuwa unamgoma kulitamka lile tusi mbele ya watu waliosimama naye. Kila mara akimaliza kupiga picha alikuwa akiomba msamaha. Little ndiye aliyemvuta pembeni akamwambia, kwa ufupi, kwamba angemsikia akilisema mahali pengine wangetwangana, lakini hapa ni kazi, aendelee. Akaendelea.

Sasa tuje kwa akiba wa pili, Gene Wilder, maana bila hicho kisa jibu langu lina pengo.

Jim, yule mpiga bastola aliyemalizwa na pombe, anayeitwa Waco Kid, Brooks alimtaka mtu mzima mwenye makunyanzi. Alimwendea Dan Dailey, haikuwezekana. Alimfikiria hata Johnny Carson wa televisheni. Mwisho akampa Gig Young, mshindi wa Oscar, ambaye alikuwa na tatizo la pombe katika maisha yake halisi. Brooks aliona ni faida: mlevi acheze mlevi. Siku ya kwanza ya kupiga picha wakaanza na mahabusu. Jim ananing’inia kichwa chini kutoka kitanda cha juu, Bart anamuuliza kama wako macho, naye anajibu kwa kuuliza kama wao ni weusi. Kamera inazunguka. Young anatetemeka. Brooks, pembeni, anafurahi: hebu tazama mtu anavyoigiza! Kisha mtetemeko ukazidi, akaanza kutapika, na haukupita muda ikabidi gari la wagonjwa liitwe. Mwili wake ulikuwa unadai pombe aliyoikatisha. Brooks amesimulia kisa hiki mara nyingi kwa mzaha, lakini ukikisoma vizuri si cha kuchekesha. Na ni kilekile walichokiogopa wenye bima kwa Pryor, ila safari hii kilimtokea mzungu mwenye Oscar ambaye hakuna aliyemtilia shaka. Jamaa yako akitaka hoja ya rangi, aichukue hapa. Uteja wa Pryor ulihesabiwa kuwa hatari, ule wa Young ukahesabiwa kuwa kipaji.

Brooks akapiga simu New York kwa Gene Wilder, rafiki yake wa tangu The Producers. Wilder alikuwa amejifunga kwenda kucheza mbweha katika The Little Prince ya Stanley Donen. Akamwomba Donen amsogezee siku zake mbele, Donen akakubali, Wilder akapanda ndege. Mwisho wa wiki ulipopita alikuwa yuko Burbank, amepimwa nguo, amechaguliwa farasi, na Jumatatu kazi ikaendelea. Hakuwa na makunyanzi wala sauti ya mlevi. Alichokileta ni upole. Ukiangalia, yeye na Little hawashindani kuchekesha. Wanasikilizana kama marafiki wa zamani waliokutana safarini, na katika filamu iliyojaa makelele utulivu wao ndio unaotufanya tuwapende. Pryor na Gig Young wangetupa kitu kingine kabisa.

Wengine nitawapitia haraka. John Wayne mwenyewe, mfalme wa filamu hizo, alikutana na Brooks kwenye kantini ya Warner, akapewa muswada akausome. Kesho yake akaurudisha: hawezi, mashabiki wake hawatamwelewa, lakini filamu ikitoka yeye atakuwa wa kwanza kwenye foleni. Madeline Kahn, aliyeimba kama Lili Von Shtupp kwa kumwigiza Marlene Dietrich, nyota wa zamani wa sinema kutoka Ujerumani, aliteleza nusu sauti kwa makusudi kwenye wimbo aliotungiwa na Brooks, na wajuzi wa uimbaji watakwambia kukosea sauti kwa ustadi namna ile ni kazi kubwa kuliko kuimba sawasawa. Aliteuliwa kugombea Oscar. Na wimbo wa ufunguzi? Brooks alitafuta mwimbaji wa mtindo wa Frankie Laine, sauti ya nyimbo za makauboi wa zamani, akajitokeza Frankie Laine mwenyewe. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba filamu ni mzaha. Aliimba kwa moyo wake wote, machozi yakimlenga, na ndiyo maana ufunguzi unafanya kazi: mtu mmoja ndani ya filamu hii haigizi. Wimbo nao ukateuliwa.

Jina? Tex-X likawa Black Bart, na Blazing Saddles likamjia Brooks akiwa anaoga, kwa maelezo yake.

Kuhusu swali lako la pili, studio ilikubalije. Haikukubali.

Picha zilipigwa mwaka 1973, nyingi kwenye mitaa ya maonyesho ya Warner huko Burbank na baadhi kwenye jangwa na miamba ya California, kwa bajeti ya dola milioni 2.6, ambazo hata kwa wakati ule zilikuwa fedha za kawaida tu. Mhariri alipomaliza, Brooks akawaonyesha wakubwa wa studio. Hawakucheka. Ukumbi mzima kimya, kwa filamu ambayo kila dakika ina mzaha. Brooks hakukata tamaa, akaomba ionyeshwe usiku uleule kwa wafanyakazi wa kawaida, makarani na makatibu muhtasi. Ule wimbo wa Cole Porter ulipoanza walianza kucheka, na hawakunyamaza tena.

Hata hivyo Ted Ashley, mkuu wa studio, alikuwa na orodha. Alimketisha Brooks akaanza kumsomea vya kuondoa. Lile tusi. Farasi anayepigwa ngumi na Mongo, kisa ambacho Brooks hudai alikichota kwa bosi wake wa zamani Sid Caesar, ambaye aliwahi kumpiga farasi ngumi kweli. Lili na Bart gizani. Na zaidi ya vyote, makauboi wanaojamba kuzunguka moto baada ya kula maharage. Hapo hebu tusimame kidogo. Kwa miaka mingi sinema za makauboi ziliwaonyesha wanaume wakila maharage na kunywa kahawa nyeusi usiku kucha, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutoa ushuzi. Brooks aliona huo ni uongo wa kihistoria. Sauti zenyewe ziliongezwa studio baadaye, kwa midomo na makwapa ya watu wazima wanaolipwa mshahara.

Brooks aliandika kila alichoambiwa, kwa utii, karatasi nzima. Ndiyo bwana, hilo litatoka. Ndiyo bwana, na hilo pia. Ashley alipoondoka, Brooks akaikunja ile karatasi akaitupa kwenye pipa la taka. John Calley, bosi mwingine wa studio ambaye alikuwa upande wa Brooks tangu mwanzo, alikuwa amesimama pale, akamsifu kwa mzaha jinsi alivyoihifadhi vizuri kwenye jalada. Huyu Calley ndiye pia ambaye Brooks alimuuliza, wakati wa kuandika, kama inafaa kwenda mbali kiasi kile, akaambiwa kwamba ukishapanda mpaka kwenye kengele, basi ipige.

Kwa nini Brooks aliweza kutupa karatasi ya mkuu wake? Kwa sababu ya kifungu kimoja kwenye mkataba: neno la mwisho juu ya filamu itakavyotoka lilikuwa lake, si la studio. Waongozaji wengi wakubwa hawakupata kifungu hicho maisha yao yote. Yeye alikuwa nacho akiwa na filamu mbili zilizokufa sokoni. Wengine hunieleza kwamba filamu kama hii isingetengenezwa leo. Mimi naona hata mwaka 1974 studio haikutaka itengenezwe, ila ilikuwa imeshatia saini. Na mzaha mmoja kweli ulikatwa, sehemu ya mwisho ya onyesho la gizani la Lili na Bart, lakini aliyeukata ni Brooks mwenyewe kwa hiari yake.

Filamu ilitoka Februari 1974. Uzinduzi ulifanyika kwenye sinema ya wazi ya Burbank, ile ambayo watu hutazama wakiwa ndani ya magari, ila safari hii wageni walikuja na farasi. Wahakiki waligawanyika: Roger Ebert wa Chicago aliipa nyota zote nne, Vincent Canby wa New York Times hakuvutiwa kihivyo. Watazamaji walijipanga. Pamoja na marudio ya miaka iliyofuata, iliingiza takriban dola milioni 119. Hedy Lamarr, nyota wa zamani wa Hollywood, alishtaki kwa sababu ya mhusika Hedley Lamarr, na shauri likamalizwa nje ya mahakama kwa malipo na kuombwa radhi. Ajabu ni kwamba ndani ya filamu gavana, anayechezwa na Brooks mwenyewe, anamwambia Hedley, anayekasirika kuitwa Hedy, asijali, kwa kuwa huu ni mwaka 1874 na yeye ndiye atakayeweza kumshtaki Hedy. Mwaka 2006 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa kama urithi wa taifa.

Pryor hakutoka mikono mitupu. Waandishi wote watano walipata tuzo ya chama cha waandishi cha Marekani kwa muswada ule. Na mwaka 1976 akakutanishwa na yuleyule mchezaji wa akiba, Gene Wilder, katika Silver Streak. Walipendwa mno wakapewa nyingine, Stir Crazy ya 1980, iliyoongozwa na Sidney Poitier na kuvuka dola milioni 100 kwenye kumbi za Marekani. Mwezi Juni mwaka huohuo, kabla filamu haijatoka, Pryor aliungua vibaya nyumbani kwake kwa ajili ya kokeini na akanusurika kufa.